Mtandao wa tarakilishi nyumbani kwa gharama nafuu

Tarakilishi tatu katika nyumba moja zaweza kuishi kama majirani wasiosalimiana. Moja ina printa, ya pili imehifadhi picha na stakabadhi za familia, na ya tatu ni ya mwanafunzi wa chuo. Kila kazi hubebwa kwa flashi kutoka chumba hadi chumba. Mzazi mwenye kipato kidogo huogopa kuziunganisha akidhani atatwikwa ada ya kila mwezi. Hofu hiyo haina msingi.

Mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili tofauti. Ada ya mwezi hulipiwa intaneti. Mtandao wa nyumbani hugharimu vifaa tu, na hufanya kazi hata siku ambayo huduma ya intaneti imekatika.

Vifaa

Anza na ulichonacho. Ruta nyingi zinazofungwa majumbani na kampuni za intaneti huwa na matundu kadhaa ya waya, hivyo huenda usihitaji kununua chochote ila nyaya. Asiye na ruta atanunua swichi ndogo ya matundu matano. Mwenye tarakilishi mbili pekee anaweza kuziunganisha kwa waya mmoja bila swichi.

Waya wa aina ya Cat5e watosha. Usizidishe mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ukinunua kwa mita, chagua wa shaba tupu. Ule wa alumini uliopakwa shaba ni rahisi lakini hukatika upesi. Ndani yake mna nyuzi nane. Zipange hivi kwenye vichwa vyote viwili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, samawati, nyeupe-samawati, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukipanga kinyume na hivyo, mawasiliano yanaweza kukosekana au kuwa ya kusuasua.

Mawasiliano yasiyo na waya huokoa kazi ya kutandaza nyaya, ila kuta za mawe na zege huyadhoofisha. Weka ruta katikati ya nyumba, mahali pa juu.

Kuunganisha

Ruta hugawa anwani yenyewe. Kwa swichi pekee, zipe tarakilishi anwani wewe mwenyewe: ya kwanza 192.168.1.1, ya pili 192.168.1.2, na kuendelea, zote zikitumia 255.255.255.0 kama kipimo cha mtandao. Kisha fungua folda moja ya kushirikiana, wala si diski nzima, na uilinde kwa nywila. Printa nayo hushirikishwa vivyo hivyo; kumbuka tu kwamba tarakilishi iliyounganishwa nayo lazima iwe imewashwa.

Faida kubwa zaidi ni nakala. Diski ikifa, vyeti na picha zilizokuwa humo pekee hupotea. Zikinakiliwa kila wiki katika tarakilishi ya pili, hasara hiyo huepukika.

Tahadhari

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake huandamana na radi. Usitandaze waya wa shaba nje, kutoka nyumba hadi nyumba, kwa maana radi ikipiga karibu yaweza kuunguza kila kilichounganishwa. Dalili za mvua zikionekana, chomoa nyaya za umeme na za mtandao mapema. Usizishike radi ikishaanza kunguruma.

Badilisha nywila iliyokuja na ruta siku ya kwanza. Tarakilishi kuukuu pia huhitaji uangalifu: Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa jumla mnamo Oktoba 14, 2025. Mashine isiyoweza kupokea toleo jipya yaweza kuwekewa Linux, ambayo matoleo yake mengi hayalipiwi.

Akiba ya kweli haimo katika kununua cha bei ya chini kabisa. Imo katika kujua usichohitaji kununua.