Sura ya Zimwi: Kutoka Pamba na Gundi hadi Mpira wa Povu

Sura ya zimwi la Frankenstein, yenye utosi bapa, kope nzito na vyuma viwili shingoni, haimo katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Ilitengenezwa mwaka 1931 katika studio za Universal, California, na Jack Pierce, mhamiaji kutoka Ugiriki aliyeongoza idara ya upodoaji, yaani kazi ya kuwapaka waigizaji rangi na kuwaumbia sura.

Kila siku ya kupiga filamu, Boris Karloff, mwigizaji aliyecheza zimwi hilo, aliketi kwa takriban saa 4 huku Pierce akimjengea paji la uso upya kwa matabaka ya pamba na kolodioni, ambayo ni nitroselulosi iliyoyeyushwa katika etha na alkoholi, kimiminika kinachokauka upesi na kuacha utando mgumu juu ya ngozi. Kope zilitiwa nta kwa pendekezo la Karloff mwenyewe, aliyeona kuwa macho yake yalikuwa na uhai mno kwa kiumbe kilichoungwa kwa viungo vya maiti, naye ndiye aliyetoa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee. Rangi ya kijani-kijivu aliyopakwa ilichaguliwa kwa sababu filamu ya wakati huo, isiyo na rangi, iliionyesha kama weupe wa mfu. Maleba nayo yalisaidia udanganyifu huo, kwa kuwa koti lenye mikono mifupi lilifanya mikono ya mwigizaji ionekane mirefu kupita kiasi, na buti nzito zikauharibu mwendo wake. Jioni kazi yote ilibanduliwa ikatupwa, kwa hiyo sura hiyo mashuhuri haikuwahi kuwa kitu cha kuhifadhiwa kabatini. Iliishi mikononi mwa Pierce na usoni mwa Karloff tu.

Mpira wa povu ulibadili hali hiyo. Uso wa mwigizaji huchukuliwa umbo kwa plasta, sura mpya hufinyangwa juu ya nakala yake, kisha utomvu wa mpira uliochanganywa na kemikali hupigwa hadi ujae hewa kama ute wa yai, ukamiminwa kati ya kalibu mbili na kuokwa. Kipande kinachopatikana ni chepesi na, lililo muhimu zaidi kwa wenye studio, kalibu yake huweza kutoa vingine vingi hata fundi wa kwanza asipokuwapo. Pierce, aliyeshikilia mbinu zake za polepole, aliondolewa Universal katikati ya miaka ya 1940, na nafasi yake ikachukuliwa na Bud Westmore.

Chini ya Westmore ndipo lilipotoka zimwi la majini la Creature from the Black Lagoon la mwaka 1954, vazi la mpira lililomfunika mtu mwili mzima. Lilibuniwa na Milicent Patrick, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu ingawa la Westmore liliandikwa, dhuluma ambayo historia ya fani hii imechelewa mno kuikiri. Ben Chapman alilivaa nchi kavu. Majini alikuwa Ricou Browning, aliyeogelea bila mtungi wa hewa, akizuia pumzi. Zimwi hilo liliporudi mwaka 1955, Browning alibaki majini, lakini nchi kavu Chapman hakuitwa tena. Aliyevaa vazi hilo alikuwa Tom Hennesy.