Mwaka wa kwanza wa sayansi: mtoto mwenye akili, mlango wake ni upi?

Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakishatoka, swali linarudi hapa Bunagana: mtoto amepata asilimia nzuri kwa sayansi, tumutume wapi? Wengine wamesikia ya kwamba kuko vyuo vikuu vyenye programu ya pekee kwa wenye akili, ile inaitwa honors, na wanauliza kama iko pia huku kwetu.

Programu hiyo iko sana sana Marekani. Chuo kinachagua wanafunzi wachache tangu mwaka wa kwanza, kinawaweka katika darasa ndogo, wanaingia labo mapema, na mbele ya kumaliza kila mmoja anaandika kazi yake ya utafiti. Hawasomi sayansi ingine. Tofauti kubwa ni kwamba mwalimu anawajua kwa majina.

Katika vyuo vyetu vya serikali haiko hivyo. Huku kuchagua kunafanyika kwa njia ingine: concours ya kuingia, ao mwaka wa kutayarisha. Hiyo si jambo la leo. Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa Kinshasa katika 1954 (zamani zile mji uliitwa Léopoldville), kilianza na darasa la matayarisho sababu shule nyingi za sekondari hazikuwa zimefikisha watoto kwa kiwango. Baadaye prépolytechnique ya UNIKIN ilijulikana kwa ukali wake: wengi wanaingia, wachache wanapanda.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, promosheni za kwanza zinafuata mfumo wa LMD. Graduat ya miaka 3 imeondoka. Sasa ni licence ya miaka 3, krediti 60 kila mwaka, jumla 180. Katika krediti wanahesabu pia kazi ile mwanafunzi anafanya yeye mwenyewe, si masaa ya kukaa mbele ya mwalimu peke yake. Hapo ndipo wengi wanaangukia. Mtoto alizoea kunakili ubaoni, halafu anafika katika auditoire yenye kujaa, hakuna mwenye kumufuata. Akikosa somo moja, krediti yake inabaki deni.

Kwa Goma, UNIGOM, yenye kujitegemea tangu 2004, na ULPGL ni kati ya milango ya karibu. Mzazi, mbele ya kulipa minerval, uliza maulizo mawili tu: labo iko na inafanya kazi? TP zinaanza mwaka gani? Jibu la hayo linafaa kuliko jina kubwa la chuo. Mtoto aliyesoma pédagogie ao commerciale anaweza kutaka udaktari ao ufundi, lakini atapambana na fizikia na hesabu ambazo wenzake wamesoma miaka 4. Afazali atafute mwalimu wa kumurudilisha hesabu mbele masomo hayajaanza.

Kinshasa nayo imekuwa mbali zaidi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, safari ikawa ya kuzunguka kwa nchi za jirani. Ndiyo maana familia nyingi za hapa mpakani zinatazama Uganda.

Ngambo, Chuo Kikuu cha Kabale ni cha serikali tangu 2015, na kile cha Mbarara cha sayansi na teknolojia kilianza katika 1989. Lakini hesabu ya miaka haifanane. Mtoto wa Uganda anasoma miaka 13 mbele ya chuo kikuu, wetu anasoma 12. Kwa hiyo diplome d'État inapaswa kwanza kulinganishwa na UNEB, ofisi yao ya mitihani, na ni hapo unajua kama mtoto anaingia mara moja. Kuko pia cheti cha mwaka mmoja kinachoitwa Higher Education Certificate, chenye upande wa sayansi, kwa wale ambao hawajafikia kiwango. Ni mwaka wa kuongeza na pesa ya kuongeza, lakini kwa mwenye hesabu zayifu haupotei bure.

Tena musichanganye. Uganda neno honours linaandikwa kwa diploma ya mwisho, si darasa la mwaka wa kwanza. Makerere, first class inaanza kwa 4.40 juu ya 5. Ni kama huku tunavyosema distinction kwa 70 na grande distinction kwa 80.

Kwa pesa, bursi Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi inaangalia waliopata asilimia kubwa sana kwa Exetat, kwa hiyo bulletin na matokeo zisipotee. Anayevuka mpaka abebe kopi za bulletin za miaka yote ya humanités, si ya mwisho tu, na kama ziko kwa Kifaransa azitafsirishe kwa Kiingereza kwa mtafsiri anayekubaliwa. Makaratasi hayo yaanze kutafutwa wakati shule ingali wazi, sababu katika likizo mkuu wa shule hapatikane kwa urahisi.