Kipande na Siku za Mkulima

Katika mwaka wa 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo michache Tanga ikawa nchi ya mkonge. Ardhi ilipatikana na reli ikajengwa. Lililomtaabisha mwenye shamba ni kumpata mkataji, na akiisha kumpata, kumweka.

Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wadigo walisingiziwa uvivu. Kwa hakika walikuwa na makonde yao, na masika hayamngoji mtu aliyefungwa na kazi ya mwingine. Serikali ya Wajerumani ilijaribu nguvu. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo sasa ni Lushoto, mwanamume alipewa kadi ya kumtumikia mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, ama sivyo apelekwe kazi za serikali. Kadi ilileta miili shambani. Mioyo ilibaki kondeni.

Kipande kilikuwa na busara zaidi. Kilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi: kila siku iliyotimia ilitiwa alama, na ujira ulilipwa alama zilipotimia, si mwezi ulipokwisha. Mkataji alipimiwa kazi kwa mafungu ya majani 30. Aliyemaliza mapema alikwenda zake. Aliyepungukiwa, siku yake haikuhesabiwa. Kwa kuwa muda wa kukimaliza kipande ulizidi siku zenyewe, mtu wa jirani aliweza kukata mkonge leo na kupalilia mahindi yake kesho. Aliuza siku zake pasipo kuuza maisha yake, na kwa sharti hilo alikubali kuja.

Watu wa mbali hawakuwa na nafasi hiyo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, iliyokusanya watu kutoka Kigoma, Njombe, Songea na kwingineko na kuwaleta kwa mkataba. Hao ndio manamba, walioitwa kwa nambari zao. Jioni hawakuweza kurudi kwao. Basi mashamba mengi yaliwapa vijishamba vya chakula na nafasi ya kukaa na jamaa zao. Wengi hawakurudi tena makwao, na vizazi vyao wangali Muheza na Korogwe.

Hata hivyo ukarimu huo ulikuwa na hesabu yake. Mahindi ya mke yalilisha nyumba, na mwajiri akapata hoja ya kutoa ujira mdogo. Mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958, uliozidi miezi miwili, ulionyesha kwamba mfanyakazi alitaka pia sauti katika mambo yake.

Siku hizi waajiri huwaruhusu makarani na wahasibu kufanyia kazi nyumbani ili wawapate na wasiwapoteze. Chombo ni kipya; mapatano ni ya zamani. Anayemwachia mtu sehemu ya siku zake humpata upesi, lakini humweka kwa haki tu: uhuru wa saa haujawa badala ya ujira.