Vyumba Sita na Uani

Ukiuliza ni nani aliyewapa makazi wapangaji wa kipato cha chini pembezoni mwa Dar es Salaam, wengi watakutajia serikali. Kweli, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likabomoa vibanda na kujenga nyumba Magomeni na kwingineko. Lakini nyingi ya nyumba hizo zilichukua tu nafasi ya zilizobomolewa, huku watu wakizidi kumiminika mjini. Katika miaka ya 1970 sera ikageuka: viwanja vikapimwa Sinza na Kijitonyama, kila mtu ajijengee.

Mzigo hasa ulibebwa na nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo, jiko na kamba za kuanikia. Mwenye nyumba hulala chumba kimoja, vingine hupangisha. Kodi ya mpangaji wa kwanza huezeka bati la chumba kinachofuata. Wapo watakaosema huku ni kusifia msongamano, kaya sita kupanga foleni kwenye choo kimoja. Wana hoja, na kipindupindu hakina utani. Ila kwa mpangaji yule, mbadala haukuwa fleti nadhifu, ulikuwa kukosa chumba. Kinachomuumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo wakati yeye ni kibarua wa kutwa. Serikali ianzie hapo: kodi ilipwe kwa mwezi, na mwenye nyumba akopeshwe hela ya choo cha pili.