Kiowevu kipi kinafaa klachi ya gari la kale?

GARI la kale halidumu barabarani kwa injini pekee. Mara nyingi linalolilaza gerejini ni kitu kidogo kisichofika hata nusu lita: kiowevu kinachosukuma klachi. Kikiwa si cha aina ifaayo, raba huvimba, gia hukataa kuingia, na katika baadhi ya magari breki nazo huwa hatarini.

Suala hili linawahusu wengi jijini Nairobi. Gereji za jua kali za Kawangware na Kibera huhudumia magari ya kila umri, na si mbali na Kibera uko uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ambako maonyesho ya magari na pikipiki ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970, huwavuta wenye magari ya zamani. Aidha, kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kwa kawaida kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, mengi ya magari ya kale yaliyopo yamekuwa hapa kwa muda mrefu na yamepitia mikononi mwa mafundi wengi. Si rahisi kujua ni kitu gani kilimiminwa ndani yake miaka iliyopita.

Jinsi klachi inavyofanya kazi

Dereva akikanyaga pedali, silinda kuu husukuma kiowevu kupitia paipu nyembamba hadi silinda ndogo iliyo kando ya giaboksi. Silinda hiyo husukuma uma unaoiachanisha klachi na injini, ndipo gia ibadilishwe. Ndani ya kila silinda mna raba zinazozuia kiowevu kisivuje. Raba hizo ndizo zinazoamua ni kiowevu kipi kitumike.

Hata hivyo, si kila gari la kale lina mfumo huu. Volkswagen ya kobe, iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1954, hutumia waya kuvuta klachi, na haihitaji kiowevu chochote upande huo. Land Rover za kwanza, yaani Series I, zilitumia vyuma vya kuunganisha. Mfumo wa kiowevu ulianza na Series II mwaka wa 1958. Datsun 1600 SSS, iliyoshinda Safari mwaka wa 1970, na Peugeot 504, iliyoshinda mwaka wa 1975 na 1978, ni miongoni mwa magari yenye klachi ya kiowevu.

Maana ya DOT

Kwa magari mengi ya kale ya Uingereza, Japani na Ufaransa, kinachotumika katika klachi ni kile kile kinachoitwa mafuta ya breki. Jina hilo hupotosha, kwani si mafuta kama ya injini. Ni kemikali ya jamii ya glikoli, inayochanganyika na maji na isiyodhuru raba zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Herufi DOT kwenye mkebe zinatokana na jina la Kiingereza la Idara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyoweka viwango vya chini kabisa vya joto la kuchemka. DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. DOT 4 nyuzi 230. DOT 5 na DOT 5.1 nyuzi 260. Kiowevu kikishanyonya maji, viwango hivyo hushuka hadi 140 kwa DOT 3, 155 kwa DOT 4, na 180 kwa DOT 5 na 5.1.

Kwa klachi, joto si adui mkuu kama lilivyo kwa breki. Adui mkuu ni maji. DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na unyevu huo huleta kutu ndani ya silinda. Ukuta wa silinda ukishaparuzika, raba mpya nayo hukatika upesi. Ndiyo sababu kubadilisha kiowevu kila baada ya miaka 2 kuna faida kubwa kuliko kununua cha bei ghali kisha kukisahau.

Kwa hiyo DOT 3 au DOT 4 yatosha kwa Datsun, Peugeot 504, Land Rover na magari mengi ya rika lake, mradi raba zake zimewahi kubadilishwa na kuwekwa za kisasa. Gari ambalo bado lina raba za asili lililotoka nazo kiwandani lafaa kubadilishiwa raba kwanza, kwa kuwa umri pekee umekwisha kuzidhoofisha.

DOT 5 si ndugu wa DOT 5.1

Wanunuzi wengi hudhani kwamba nambari kubwa ina maana ya ubora zaidi. DOT 5 ni silikoni, yenye rangi ya zambarau, na haichanganyiki na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1. DOT 5.1, licha ya jina lake, ni ya jamii ya glikoli.

Silikoni ina sifa mbili zinazowavutia wenye magari ya maonyesho: hainyonyi maji wala haibabui rangi ya gari, tofauti na glikoli inayochubua rangi papo hapo. Lakini maji yakipenyeza kwa njia nyingine hutuama mahali pamoja na kuleta kutu hapo. Anayetaka kuitumia sharti aondoe kiowevu chote cha zamani, asafishe paipu na aweke raba mpya. Kuiongeza tu juu ya DOT 4 ni kosa.

Mafuta ya madini

Hatari kubwa zaidi ni kumimina mafuta ya injini, ya giaboksi au ya usukani katika kikopo cha klachi kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu. Mafuta ya madini huzivimbisha raba zilizotengenezwa kwa ajili ya glikoli. Mwanzoni pedali huonekana kufanya kazi. Baadaye raba iliyovimba huziba tundu la kurudishia kiowevu, klachi ikaanza kuteleza au pedali ikakwama chini.

Katika baadhi ya Land Rover za Series II, klachi na breki hutumia kikopo kimoja. Kosa la klachi hapo huwa kosa la breki.

Yapo magari yaliyoundwa kwa mafuta ya madini. Citroën DS za kuanzia mwishoni mwa 1966, isipokuwa zile za soko la Marekani zilizochelewa hadi 1969, hutumia LHM ya kijani, na kwa hizo DOT 4 ndiyo sumu.

Kutambua kilichomo

Rangi pekee si ushahidi, kwani kiowevu kilichozeeka hugeuka kuwa cheusi. Jaribio rahisi ni kudondosha matone machache katika gilasi ya maji. Glikoli huchanganyika na maji. Mafuta ya madini na silikoni hujitenga.

Ikibainika kuwa mafuta yasiyofaa yaliingia, kuyamwaga hakutoshi. Raba zote na paipu za mpira hubadilishwa, za chuma husafishwa kwa spiriti na kuachwa zikauke, wala si kwa petroli au dizeli. Kisha kiowevu kipya hutiwa na hewa kutolewa: mmoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua na kufunga skrubu ya silinda ndogo hadi mapovu yaishe.

Wakati wa kununua

Mkebe uwe umefungwa kiwandani, uwe na alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, na kiwango cha DOT kiandikwe wazi. Mkebe mdogo unafaa kuliko mkubwa, kwa sababu kinachobaki baada ya kufunguliwa huanza kunyonya unyevu. Kiowevu kinachouzwa kwa kupimiwa katika chupa ya soda kiepukwe, kwanza kwa kuwa asili yake haijulikani, na pili kwa kuwa ni sumu ambayo mtoto anaweza kuidhania kinywaji.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Akiandika kwenye kifuniko cha kikopo aina ya kiowevu kilichomo na tarehe kilipotiwa, fundi atakayelifungua baadaye, awe wa Kibera au wa Kawangware, hatalazimika kubahatisha.