Nafuu ya kodi (Rwanda)

Nafuu ya kodi ni mapato ambayo serikali huacha kuyadai kwa makusudi, ili kuvuta wawekezaji au kuwapunguzia mzigo wanyonge. Fedha hizo hazitoki hazina, kwa hiyo ni nadra bunge kuzijadili kama linavyojadili bajeti.

Nchini Rwanda nafuu hizi zina sura mbili. Ya kwanza ni ya wadogo. Katika Gashonga, tarafa ya wilaya ya Rusizi, watu wengi huishi kwa jembe. Sheria ya kodi ya mapato ya 2018 ilisamehe mapato ya kilimo na ufugaji ikiwa mauzo ya mwaka hayazidi faranga milioni 12. Mkulima mdogo hafikii kiwango hicho, na kumfuatilia kungegharimu kuliko kodi yenyewe.

Sura ya pili ni ya wakubwa. Sheria ya uwekezaji ya 2021 huruhusu, kwa masharti, kodi ya 0% kwa kampuni za kimataifa zinazoweka makao nchini, na likizo ya kodi ya hadi miaka 7 kwa baadhi ya miradi ya angalau dola milioni 50.

Watetezi hutaja ajira na mitaji. Hoja nzito zaidi ya wapinzani, hata hivyo, ni ya majirani kushindana kwa kupunguza kodi: ripoti ya ActionAid na Tax Justice Network-Africa ya 2012 ilikadiria kuwa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilipoteza hadi dola bilioni 2.8 kwa mwaka kwa nafuu na misamaha ya kodi. Pengo hilo huzibwa na walipakodi wengine, hasa kupitia kodi ya ongezeko la thamani (VAT), au kwa mikopo.