Kisangani na Butembo: historia ya bei katika miji miwili

BENGAMISA – Familia inayokimbia vita hujiuliza mapema: tukienda wapi, makuta kidogo tuliyo nayo yatatufikisha mwisho wa mwezi? Kwa wengi waliotoka pande za Beni na Mambasa, jibu huzunguka miji miwili. Mmoja ni Butembo, katika Kivu ya Kaskazini. Wa pili ni Kisangani, mji mkuu wa Tshopo, kilometa 50 hivi kusini mwa Bengamisa. Kila upande kuna anayesema kwake ni nafuu, na wote wana sehemu ya ukweli. Historia ndiyo inayoonyesha kwa nini.

Tuanze na chakula. Kisangani iko katikati ya msitu, kwenye mita 400 hivi juu ya bahari. Muhogo, sombe, ndizi za lituma, mchele, mafuta ya mawese na samaki wa mtoni havitoki mbali. Butembo iko kwenye vilima vya baridi, zaidi ya mita 1,500. Huko viazi, maharagi, kabichi na vitunguu ndivyo vinavyopatikana karibu. Kwa hiyo mama anayepika lituma atasema Butembo ni ghali, na mama aliyezoea maharagi na viazi atasema Kisangani ni ghali. Hata nyumba ina mahitaji tofauti: Butembo mtoto anahitaji blanketi, Kisangani anahitaji chandarua.

Bidhaa za dukani zina hesabu nyingine. Pikipiki, betri, sahani za sola na vitenge vingi hushuka melini Mombasa, hupita Uganda na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Vikifika Butembo vimebakiza zaidi ya kilometa 700 za barabara ya msitu kupitia Komanda, Mambasa na Nia-Nia kabla ya kuonekana Kisangani. Mafuta ya lori, vizuizi, siku za kukwama katika matope: vyote huongezwa juu ya bei, na mnunuzi wa mwisho ndiye anayelipa.

Haikuwa hivyo siku zote. Kisangani imegeuza uso wake mara kadhaa. Wakati wa Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, mji ulitazama mashariki. Pembe na watumwa walikwenda upande wa Tabora na Zanzibar, na vitambaa na baruti vilirudi kwa njia hiyo hiyo, mgongoni mwa wapagazi. Kiswahili kinachosemwa Kisangani leo kilikuja na misafara hiyo.

Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, Wabelgiji waliugeuza mji utazame magharibi. Reli ya Matadi hadi Léopoldville ilikamilika 1898, na meli zikapanda mto kilometa 1,700 hivi hadi Stanleyville. Mwaka 1906 reli ya kwenda Ponthierville, Ubundu ya leo, ilimalizika ili kuzunguka maporomoko. Tangu hapo chumvi, sabuni na nguo zilitoka upande wa Matadi, na bei ilifuata ratiba ya meli.

Chakula cha mjini kilikuwa rahisi, lakini kuna aliyekilipia. Tangu 1917 serikali ya kikoloni ililazimisha vijiji kulima mazao iliyoyachagua, kama pamba na mpunga, na asiyelima aliadhibiwa. Mkulima hakupanga bei, alipangiwa. Unafuu wa mchele kwa mfanyakazi wa Stanleyville ulitoka kwenye jasho la vijiji.

Baada ya uhuru hesabu ilivurugika. Mwaka 1973 Mobutu aliamuru maduka na mashamba ya wageni yapewe wananchi, na maduka mengi yakabaki matupu. Barabara zilikufa moja baada ya nyingine. Kisangani ilibaki na mambo mawili ya kujivunia: umeme wa bwawa la Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950, na kiwanda cha nguo cha Sotexki. Katika miaka hiyo hiyo Butembo, iliyoanza kama kituo kidogo cha kampuni ya madini, ilikua kwa biashara. Wafanyabiashara wa Kinande walipeleka maharagi na mboga hadi Kisangani, na kutoka hapo kwa meli hadi Kinshasa. Kahawa waliiuza mashariki. Mji haukuwa na bwawa kama la Tshopo, kwa hiyo wengi walijinunulia jenereta, na gharama hiyo nayo iliingia katika bei.

Kisha vikaja vita vya 1998. Mto ulifungwa upande wa Kinshasa, na Kisangani ikalazimika kutazama mashariki tena, safari hii kwa ndege. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji, na mamia ya raia waliuawa. Petroli ilikuwa adimu, magari yaliporwa, na watu wakapanda toleka, baiskeli za kubeba abiria. Toleka ni kumbukumbu ya wakati ambapo bei ya safari ilishuka hadi nguvu za miguu ya kijana mmoja.

Barabara ya kwenda Beni ilifunguliwa tena miaka ya 2000, na malori yakarudi. Lakini tangu mauaji ya Beni yaliyoanza 2014, usalama wa njia hiyo umeingia katika bei. Lori likisubiri msafara wa kijeshi kati ya Beni na Komanda, duka la Kisangani nalo linasubiri.

Hapo ndipo swali la familia iliyohama linabadilika. Bei za soko zinapimwa kwa mtu anayenunua kila kitu. Mwenye kipande cha shamba hanunui sombe, hanunui muhogo, na maisha ya Kisangani au Bengamisa kwake ni rahisi kweli. Asiye na shamba hununua hata majani, na mji wa chakula rahisi humlemea haraka. Vilima vya Butembo vimejaa watu, na ardhi ni kidogo. Huku msituni ardhi inaonekana pana, lakini ina wenyewe. Ugomvi wa Wambole na Walengola, uliowaka 2023 ng'ambo ya mto na kusukuma maelfu hadi Kisangani, ulianzia kwenye ardhi.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei ya kopo la mchele, familia ina maswali matatu ya kuuliza. Je, barabara inayolisha mji huo iko wazi msimu huu wa mvua? Je, chifu na wenye ardhi watakubali kuwapa sehemu ya kulima, na kwa masharti gani? Na je, kuna ndugu atakayewapokea mpaka mavuno ya kwanza?